Bi Harusi wa Karagwe, Sisimizi na Siafu: Acha Kibiriti, Acha na Sumu ya Shamba



Mfungo mosi ukishaandama, kadi za harusi humiminika. Siku hizi si ajabu kusikia bi harusi wa Unguja au Pemba anapelekwa bara, na si Dar es Salaam tu. Wapo wanaopanda boti, kisha basi la safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, mpaka Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kule Tanzania inakopakana na Rwanda na Uganda. Somo humfunda binti mambo mengi kabla ya safari hiyo. Humfundisha udi na liwa, adabu za ukweni, upishi na haki za mume na za mke. Jambo moja huachwa kabisa, nalo humkuta wiki ya kwanza tu: wadudu wa nyumbani, hasa jamii ya sisimizi.

Kwa kuwa hatukuwafunza, mabinti zetu hufika huko wakiwa na majibu mawili tu: kibiriti au chupa ya dawa ya shambani. Mimi naona yote mawili hayafai. Dini haikubaliani na la kwanza, afya ya familia haikubaliani na la pili, na hakuna kati yake linalomaliza tatizo.

Nyumba iliyo katikati ya migomba

Karagwe si ugenini kwetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waislamu wa misafara ya pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange, makao ya mfalme Rumanyika. Kyerwa nayo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012 ilipokuwa wilaya yake. Leo ukienda Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo, utawakuta Waislamu na adhana utaisikia.

Tofauti kubwa kwa binti wa Mjini ni namna nyumba zilivyokaa. Familia nyingi za huko huishi ndani ya kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Ardhi hufunikwa kwa majani makavu ya migomba na nyasi ili unyevu usipotee. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, za vuli na za masika. Chini ya majani yale kuna minyoo, panzi, mchwa na kila aina ya chakula cha wadudu. Kwa hiyo mdudu anapoingia ndani Karagwe, mara nyingi ametoka hatua mbili tu nje ya mlango. Usidhani umeolewa nyumba chafu, na wala usikubali kuambiwa wewe ndiye mchafu.

Dini inasemaje

Tuanze na dini, maana kwetu ndiyo msingi. Katika Suratun-Naml, aya ya 18, Allah S.W.T. anatusimulia sisimizi aliyewaonya wenzake waingie makaoni mwao wasije wakakanyagwa na Nabii Sulaiman (a.s.) na majeshi yake bila ya wao kujua. Nabii Sulaiman alitabasamu kwa maneno yale na kumshukuru Mola wake. Sura nzima imeitwa kwa jina la kiumbe huyu.

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Ibn Abbas, Mtume (s.a.w.) amekataza kuuliwa viumbe vinne, na sisimizi ni mmoja wao pamoja na nyuki, hud-hud na ndege aitwaye surad. Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Nabii mmoja wa zamani aliyeumwa na sisimizi mmoja, akaamuru kijiji chao chote kichomwe. Allah alimlaumu kwa kuangamiza umma mzima unaomsabihi kwa sababu ya mmoja aliyemuuma. Na Abu Daud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipoona kijiji cha sisimizi kilichochomwa, aliwaambia Masahaba kuwa hakuna anayestahiki kuadhibu kwa moto isipokuwa Mola wa moto.

Je, tuwaache watutawale? Hapana. Wanazuoni kama Al-Khattabi na Al-Baghawi wameeleza kuwa katazo lile linamhusu sisimizi mkubwa asiyedhuru. Imamu Malik alichukia kuwaua ila wakidhuru na pasipatikane njia nyingine ya kuwazuia. Basi mpangilio uko wazi: kwanza zuia, wakidhuru na ukashindwa kuwazuia una ruhusa ya kuua, na moto usiutumie.

Utaona huko mbele kwamba mpangilio huu ndio unaofanya kazi pia. Ukiua sisimizi mia unaowaona mezani, umeua wafanyakazi tu. Malkia yuko chini ya sakafu au ndani ya ukuta, anaendelea kutaga, na kesho mia wengine watatoka.

Mjue aliyeingia

Hatua ya kwanza ni kumtambua mdudu, kwa sababu dawa ya mmoja si dawa ya mwingine.

*Sisimizi wa jikoni.* Hawa ni wadogo, weusi au wekundu, na hutembea kwa mstari. Wapo wapenda sukari na wapo wapenda mafuta na nyama. Ukiona vichungu vidogo vya udongo laini kwenye ufa wa sakafu, ujue kiota kiko chini yake. Mmoja wao, mdogo sana wa rangi ya manjano, ameenea duniani kote. Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, alimpa jina la Firauni mwaka 1758. Huyu ana malkia wengi katika kiota kimoja. Ukimpulizia dawa ya kopo, kiota hugawanyika na kuwa viwili au vitatu, ukawa umejiongezea kazi.

*Sungusungu.* Ni wakubwa, weusi, wana harufu mbaya, na wakikuuma unapata maumivu makali. Hutoka kwa safu kwenda kuwinda mchwa. Jina lao ndilo lililopewa vikundi vya ulinzi wa jadi kule Usukumani. Ukiwaona wakipita uani, waache wapite. Ila chukua ishara: walipo wao, mchwa hawako mbali.

*Siafu.* Rangi yao ni kahawia iliyoiva au nyekundu nyeusi. Hutembea kwa maelfu katika safu nene, na wenye vichwa vikubwa husimama pembeni kama walinzi. Kundi moja linaweza kuwa na mamilioni. Wafanyakazi wao hawaoni, hufuata harufu. Hawana makao ya kudumu, hivyo hakuna kiota cha jikoni cha kutafuta. Wanakuja, wanawinda, wanaondoka. Na yule mdudu mkubwa wa kahawia mwenye mabawa na tumbo refu, anayejigonga kwenye taa usiku baada ya mvua, ni dume la siafu. Hana madhara kwako, usipige kelele.

*Mchwa.* Wengi humwita sisimizi mweupe, lakini si jamii yao, yeye yuko karibu zaidi na mende. Mtazame kiuno: sisimizi ana kiuno chembamba na papasi zilizopinda kama kiwiko, mchwa ana kiuno kinene na papasi zilizonyooka. Kumbikumbi wanaoruka kwenye mvua ni mchwa wenye mabawa, na mabawa yao manne yana urefu sawa. Mchwa hujenga njia za udongo ukutani na hula mbao, karatasi, mikeka na nguo za pamba. Bi harusi, hapa ndipo sanduku lako la kanga na doti zako za fungate zilipo hatarini, pamoja na misahafu iliyopangwa kwenye rafu ya mbao ukutani.

Sisimizi wa jikoni: anza na Sunna

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha usiku tufunike vyombo, tufunge viriba, tufunge milango na tulitaje jina la Allah, hata kama hatuna cha kufunikia ila kijiti cha kulaza juu ya chombo. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Dada zangu, hakuna ushauri wa kitaalamu kuhusu sisimizi unaoanza na kitu kingine zaidi ya hiki. Sisimizi huja kwa chakula na maji. Ukimnyima, hana sababu ya kukaa.

Kwa hiyo halua uliyobeba kutoka kwenu, tende, asali na sukari, vyote vitiwe ndani ya vyombo vyenye mfuniko unaobana. Mfuko wa nailoni uliofungwa fundo hautoshi. Senene wakikaangwa, nao wana mafuta mengi, wahifadhiwe vivyo hivyo. Ndizi zilizoiva zitundike, maganda yatoke nje siku hiyo hiyo, na masufuria yenye masalio yasilale bila kuoshwa.

Kisha fanya haya:

1. Usiwafute mara moja unapowaona. Wafuate kwanza mpaka ujue wanatokea wapi. Ule mstari ni njia ya harufu.
2. Futa njia yote, tangu kwenye chakula mpaka kwenye tundu, kwa maji ya sabuni au siki. Harufu ikitoka, wenzao hupotea njia. Ukifuta mezani tu, umeacha barabara wazi.
3. Ziba tundu. Ufa wa sakafu uzibwe kwa saruji, ufa wa ukuta wa udongo ukandikwe upya.
4. Kabati la chakula liweke miguu yake ndani ya vikopo vya maji, kama walivyofanya bibi zetu. Tia tone la sabuni, maana bila sabuni sisimizi wepesi huweza kutembea juu ya maji. Badilisha maji angalau mara moja kwa wiki, mbu wasije wakazaliana humo. Na kabati lisiguse ukuta, la sivyo utakuwa umewajengea daraja.
5. Wakiendelea kudhuru, tumia chambo badala ya dawa ya kupuliza. Ukipata unga wa boraksi, changanya kijiko kimoja kidogo cha chai na vikombe viwili vya maji yenye sukari nyingi. Weka kidogo ndani ya kopo lililotobolewa matundu madogo, mahali mtoto hafiki. Wafanyakazi watabeba na kumlisha malkia. Huchukua siku kadhaa hadi wiki chache, kwa hiyo vuta subira na usiwapulizie dawa wakati huo, maana unawataka wafike kwao wakiwa hai. Kumbuka boraksi nayo ni sumu kwa mtoto akiila. Ihifadhi juu, imeandikwa jina.

Siafu: wape njia

Siafu hawapigwi vita ndani ya nyumba. Wakija usiku, jambo la kwanza ni watu. Mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani na mzee asiyeweza kuinuka ndio walio hatarini, kwa sababu siafu hawamrukii anayetembea akaondoka, humvamia asiyeweza kuondoka. Mwanamke aliye ndani ya arubaini asilazwe chumba cha peke yake na kichanga chake msimu wa mvua bila mtu mzima mwengine karibu. Chandarua kichomekwe chini ya godoro, kitanda kisiguse ukuta, na shuka zisiburute sakafuni.

Pili, fungueni banda la kuku na mfungue mbuzi. Mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia.

Tatu, akikupanda siafu ndani ya nguo, ingia chumbani uvue. Taya zake zikishika haziachii kwa kupukutwa, lazima umng'oe mmoja mmoja. Usione haya mbele ya wifi zako kukimbia, wao wenyewe wamekimbia mara nyingi.

Nne, subiri nje. Mara nyingi baada ya saa kadhaa watakuwa wamepita, na wakati huo watakuwa wamekula mende, kunguni na vitoto vya panya waliokushinda. Wapo wenyeji wanaowafungulia makabati makusudi. Majivu makavu yaliyomwagwa kwa mstari mnene mlangoni husaidia kuwapindisha, ila yakilowa hayafai tena.

Kuwamwagia mafuta ya taa na kuwasha ni kosa la mara mbili. Dini imekataza kuadhibu kwa moto. Na uani pamejaa majani makavu ya migomba: moto ukishika hapo, hautachagua kati ya siafu na nyumba.

Kinga ya kudumu ni kuacha ukanda mtupu, kama hatua moja pana, usio na majani wala nyasi kuizunguka nyumba. Lakini usikurupuke na reki siku ya pili ya ndoa. Majani yale ni uhai wa kibanja, na mama mkwe amehangaika kuyatandaza. Mwambie mumeo, naye azungumze na mama yake.

Sumu ya kahawa haina kazi jikoni

Hapa ndipo penye hofu yangu kubwa. Wilaya hizi ni za wakulima wa kahawa, maharage na mahindi, na dawa za shambani hupatikana. Ni rahisi mtu kuchota kidogo, akaitia kwenye chupa ya soda isiyo na maandishi, akaimwaga chini ya kabati la vyombo. Sisimizi watakufa siku mbili. Mtoto anayetambaa ataipata mikononi na mdomoni, na chupa ya soda itamvutia hata mtoto mkubwa.

Dawa za shambani zimepimwa kwa ajili ya shamba. Tanzania Bara, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayosajili viuatilifu, na kila kimoja husajiliwa kwa matumizi yake. Kisichoandikwa kwamba ni cha nyumbani kisiingie nyumbani. Pia jihadhari na chaki za kuulia wadudu zinazouzwa mitaani. Zinafanana kabisa na chaki za shule, na mtoto hawezi kuzitofautisha.

Mtu akinywa au akigusa sumu za aina hii, baadhi ya dalili ni kutoka mate mengi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo na kupumua kwa shida. Usimlazimishe kutapika, na usipoteze muda kumnywesha maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkimbize kituo cha afya, na uende na chupa yenyewe ili daktari ajue ni nini. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa hakuna kudhuru wala kudhuriana. Anayeweka sumu ya shamba jikoni ajiulize mbele ya kanuni hiyo anasimama wapi.

Si uchawi, na si kazi ya mke peke yake

Wapo watakaomwambia bi harusi kwamba sisimizi kitandani ni hasadi, au ametupiwa kitu. Dada yangu, husuda ipo na kinga yake ni Qur'ani na adhkari za asubuhi na jioni. Lakini kuwasoma wadudu kama ramli ni katika mikosi aliyotukataza Mtume (s.a.w.). Angalia kwanza kama mlikula halua kitandani, kama kuna mafuta ya nazi yaliyomwagika kwenye meza ya kujipambia, kama mguu wa kitanda umegusa ukuta. Fedha ya kumpelekea mganga inatosha kununua saruji ya kuziba nyufa.

Na kwa waume: makazi yanayofaa ni haki ya mke juu ya mumewe. Kuziba ufa, kurekebisha mlango usiofika chini, kuinua sanduku juu ya matofali, kuita fundi anayejua kazi pale mchwa wanapoingia kwenye boriti, yote haya ni sehemu ya haki hiyo. Usimsikilize anayesema kuwa siafu wamekuja kwa sababu mkeo hajui usafi. Siafu wamefuata mvua na minyoo ya shambani kwenu, na walikuwa wakija kabla hajaolewa.

Masomo na mama zetu, mnapomfunda binti anayekwenda bara, ongezeni saa moja ya haya katika mafunzo yenu. Mtieni vikopo vinne vya miguu ya kabati katika vyombo vyake. Havina gharama, na vitamfaa kuliko seti ya kumi ya vikombe.

Allah awape mabibi harusi wetu nyumba zenye utulivu, mapenzi na rehema, awahifadhie watoto wao, na atujaalie huruma kwa kila kiumbe alichokiumba. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.